Injini Iliyozama Kilifi

Mjukuu wangu Nafula,

Injini ya mashua niliyokutumia ilizama Jumanne, na kamba niliyokuambia uifunge nayo ikabaki imekunjwa ndani ya mashua. Hilo limeniuma. Haya, pokea salamu kutoka hapa Ziwani, Nairobi. Goti la nyanya yako limepata nafuu, na binamu yako amefungua kibanda cha biashara sokoni Muthurwa.

Unaniuliza kama uuze mashua ya kubebea wageni urudi nyumbani. Nilipokuwa kijana nilitumwa huko huko uliko, Kilifi, kama fundi wa injini. Tukiwa njiani kwenda Malindi, injini ikazima. Nikaanza kuifungua pale pale, huku maji yakitusukuma kwenye mwamba. Mzee Bakari, mwenye mashua, akacheka. "Fundi wa bara, injini haiendi popote. Inayokwenda ni mashua. Tia nanga kwanza." Tukatia nanga, nikasafisha plagi, tukafika Malindi jua likiwa bado juu.

Nawe usiamue huku unasukumwa. Makasia unayo, basi wageni wa karibu wapeleke kwa makasia. Rafiki yangu wa mtaa wa Huruma ananishikia injini nyingine hadi Ijumaa saa sita mchana. Unaitaka? Nijibu ndiyo au hapana kabla ya saa hiyo. Ukisema ndiyo, kamba iwe imeshafungwa ikiingoja.

Babu yako