Ruta Chumbani kwa Mama

Dunda, Bagamoyo

Mdogo wangu Hamidu,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo. Masika yamekaza, na binti yangu Nasrin amehitimu Kurani, alhamdulillahi.

Sasa nisikilize. Ujumbe wako umenichoma. Eti humwoni mama kwenye video kwa sababu mimi mvivu, nimezizima ruta zako za mtandao. Hivi wewe unanijua au unanisikia?

Zile ruta kuukuu za ofisini kwenu nilizifunga mwenyewe na jirani yetu Bwanaheri: moja dukani kwangu, moja ukutani kwake, ya mwisho chumbani kwa mama, kule nyuma ya minazi, zipokezane mtandao. Nilipanda ngazi na magoti yangu haya! Mtandao ukafika, mama akakuona, akalia kwa furaha.

Jana nikaenda kukagua. Ya dukani inawaka, ya Bwanaheri inawaka. Kwa mama nikaikuta ruta imefunikwa sufuria kubwa la pilau.

"Mama, sufuria linazuia mtandao!"

"Paa linavuja, mwanangu. Kitu cha Hamidu kisilowe."

Paa hilohilo ulilotukataza tusiliitie fundi, eti utakuja kuliezeka wewe. Kila tukikukumbusha, "Inshallah, dada." Mama alikuwa kajikunyata pembeni, khanga imelowa chapachapa, godoro halilaliki.

Basi habari za mtandao usiniulize tena. Ruta yako ni nzima, haijaguswa na tone. Chumbani mle, ni hiyo tu iliyolala pakavu.

Dada yako,
Mwanabaraka