Mbweha Amevuka Mto

Kaka Noboru,

Baridi ya Sapporo inakutendeaje? Sisi hapa Osaka tu wazima. Viazi ulivyotuma vimefika, na mama anavipenda kwa siagi.

Gazeti limenipa kazi ya kuhakiki ule mchezo wetu wa video wa zamani, wa mbweha anayeruka mapaa. Nimeutoa mtambo wa kuuchezea kabatini, na bado unawaka. Nimeandika kwamba picha zimezeeka, muziki ungali mtamu, ila mbweha ni mzito: ukichelewa kumrusha kidogo tu, anatumbukia mtoni.

Jumamosi nilimzamisha hivyo asubuhi nzima, mama akinitazama. Daktari anasema huenda mkono wake wa kulia usirudi tena baada ya kile kiharusi. Sikutaka kukwambia kwa simu. Lakini siku hiyo alinyoosha wa kushoto, akashika upande mmoja wa pedi ya vitufe ya kuchezea.

"Mimi nitamwendesha," akasema polepole. "Wewe mrushe."

Tukakaa bega kwa bega, pedi moja kati yetu.

"Sasa," akasema. "Sasa, mwanangu. Umelala?"

Mbweha akavuka. Mama akacheka mpaka akafuta machozi. "Noboru hakuwahi kufika huku," akasema.

Nimeupa alama tisa kwa kumi. Mhariri akauliza mbona nyingi hivyo, nikamwambia akacheze na mama yake.

Njoo nyumbani mwaka mpya. Mama anakusalimu, na anasema utatazama tu, zamu hupewi.

Mdogo wako,
Chizuru