Msumari wa Halima

Jumanne.

Wewe daftari, tangu Ramadhani umejificha wapi? Usisingizie mkono wangu mzito.

Mjukuu wangu Hodan anahara tangu anywe maji ya silanga, lile bwawa la mifugo. Macho yameingia ndani. Naogopa. Nimezika wanangu wawili kwa kuhara huku huku.

Leo dada yangu Halima kaja na msumari, aupashe moto amchome mtoto tumbo. Eti dawa ya mama yetu.

Nikamwambia, “Abaayo, dada yangu, anza na goti lako bovu. Likipona, nitakupa mtoto.”

Akacheka, kizee yule, akashika kijiko. Tumemnywesha Hodan dawa ya zahanati ya kukoroga kwa maji yaliyochemshwa, polepole, hadi akanikojolea dera jipya. Alhamdulillahi! Sijawahi kufurahia mkojo hivyo; maji yameanza kumrudia mwilini.

Lakini bado anahara. Ukirudi kesho, daftari, usinisalimie. Uliza kwanza kama Hodan amekojoa tena.