Kura ya Mikono Jeddah

Al-Naseem, Riyadh,
Saudia.
9 Machi 2014.

Mpendwa mwanangu Rosebellah,

Anayekuandikia si dereva hivi hivi. Nikichelewa kuwasha gari asubuhi, bosi anachelewa kazini, na bosi akichelewa, ofisi nzima ya serikali inasimama, watu wanapanga foleni mpaka barabarani. Hivyo ndivyo nchi hii ilivyoniegemea.

Hujambo lakini? Na mama yako, mgongo umemwachilia? Mimi ni mzima, ila bega la kulia, na sababu yake utaisoma.

Najua unalotaka kusikia ni habari ya Aprili. Baba yako, ndugu yangu, angekuwa hai nisingehangaika. Lakini wakwe hawawezi kuleta ng'ombe wa mahari wakute kiti chake kitupu, na mimi mdogo wake ndiye wa kukikalia, si binamu yetu Elphas anayekitolea macho. Likizo niliomba tangu Januari. Bosi akanijibu, "Kura yad, Jeddah. Inta kabtin." Yaani mimi ndiye kapteni. Tukishinda mara moja tu, halas, niende nyumbani.

Sasa, Kiarabu nakijua. Yad ni mkono. Kura ni kura. Nikaelewa Wakenya wa Jeddah wanachagua mwenyekiti kwa kuinua mikono, kama tunavyofanya kanisani, na jina lililopendekezwa ni langu. Nikapiga pasi suti nyeusi, nikaandika hotuba kurasa nne, nikakaa ndani ya basi siku nzima.

Kumbe Waarabu wakisema kura wanamaanisha mpira. Lugha gani hiyo, mwanangu? Ulikuwa mpira wa mikono, ndani ya ukumbi, mashindano ya kwanza ya wafanyakazi wanaume wa mataifa sita, yameandaliwa na shemeji yake bosi.

Nilifikia mtaa wa Al-Mahjar, kwa Wakenya wenzetu Ephraim, mlinzi, na Laban, mbeba saruji. Chumba kimoja, watu kumi na wawili, soksi zimeanikwa juu ya sufuria ya ugali. Nilikula nimegeuza uso.

Ukumbini ndiko nilikochefuka kabisa. Wachezaji wanajipaka gundi vidoleni ili mpira usiwaponyoke, kisha wanakusalimia kwa mkono huo huo. Gundi yenyewe rangi ya kamasi. Suti yangu imekwisha. Dirisha hakuna, jasho la juzi linakutana na la leo. Refa akaita, "Kabtin wein?" Yaani kapteni yuko wapi. Nikainua mkono, nikafungua hotuba.

Ephraim akanivuta koti. "Mzee, kunja hiyo karatasi. Sisi ni sita, wewe wa saba, na goli halina mtu."

Wanepali walitufunga, Wafilipino wakatufunga. Halafu Wamisri. Hao wanaruka kwanza, wanafikiri wakiwa angani, ndipo wanatupa. Niliokoa mipira arobaini, mingine kwa bega, mingine kwa tumbo, mmoja kwa meno. Wakafunga mabao thelathini na manane. Bao linaloingia kila dakika si bao, ni kupukuchua mahindi.

Wakati wa mapumziko Laban akaniuliza, "Kwani mzee unaokoa au unakwepa?" Mtu wa saruji anajua nini.

Basi hatukushinda hata mara moja. Nilirudi Riyadh na gundi yangu, bosi akasema mafi, likizo hakuna.

Hata hivyo nakuja. Tiketi ni ya tarehe kumi na moja Aprili, nimeishika kwa mkono wangu. Kiti mtu asikikalie. Elphas akiuliza, mwambie bosi aliniogopa.

Nisalimie mama yako, shangazi Zipporah na Emmah wake. Mungu awafikishe ng'ombe wako salama, na ndoa yako iwe na utulivu ambao mimi sikuuona Jeddah.

Ila wewe sitakudanganya. Bosi hakuniogopa. Madam alinikuta gereji nikisugua ile suti kwa petroli, akaniuliza nina nini, nami nikalia kwa sauti, kamasi zikinitoka, nikilitaja jina lako. Yeye ndiye aliyemwendea mumewe.

Akupendaye kama baba,
Hezekiah