Msumari wa Kwanza wa Mama

Lodwar,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Kaka Mutua,

Pokea salamu kutoka huku kwenye jua. Natumaini barua hii itakukuta umeketi na mgongo umetulia, maana mara ya mwisho wifi aliniambia unatembea umejishika kiuno kama mama mjamzito. Sisi huku tu wazima. Mama ni mzima kuliko mimi. Presha yake naipima mwenyewe kila asubuhi kabla sijaenda wodini, na iko sawa.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema tu "lakini Kaka," wewe tayari umeshatoa amri. Ulisema shule zikifungwa utakuja na gari umrudishe Mama Machakos, kwa sababu Lodwar ni joto na si mahali pa mama mzee. Siku ile nilikubali. Sasa sikubali tena, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujatia mafuta.

Unalikumbuka sanduku la bati la Mama. Alikuja nalo hapa, akaliweka kando ya mlango, na mpaka wiki iliyopita alikuwa akitoa nguo ya siku hiyo tu, kisha analifunga. Nilimnunulia kabati. Alinishukuru vizuri sana, akaweka vitunguu ndani yake.

Ndivyo alivyo tangu tuzaliwe. Wewe ulizaliwa Nanyuki, mimi Gilgil, na mdogo wetu Kyalo akazaliwa tukiwa njiani tunahama, ndiyo maana akapewa jina la safari. Kila nyumba ilikuwa ya jeshi. Siku ya kuikabidhi, afande alipita akipapasa kuta kwa kiganja, na tundu la msumari lilikuwa aibu ya mke, si ya askari. Basi Mama hakugonga msumari popote. Ile picha ya Baba amesimama na bunduki chini ya mgunga kule Lokiriama, imeishi miaka yote ndani ya leso, ndani ya sanduku. Tulionyeshwa Krismasi, tena bila kuishika, kisha ikarudi kulala.

Na wakati Baba alipokuwa huko Lokiriama akilinda mpaka, unalikumbuka gari la kasisi wa kambi? Likiingia kwenye laini zetu, zile safu za nyumba za askari, kila mke alijua kuna mume ambaye hatarudi, ila hakujua ni wa nani. Wote walisimama milangoni. Mama hakusimama. Aliketi na sufuria, akaisugua kwa majivu na mchanga, kichwa chini, mpaka gari likapita. Likisimama kwa jirani, aliosha mikono, akaenda akawachukua watoto wa jirani kabla hawajasikia kilio cha mama yao, akawaleta kwetu wapate kula. Sufuria zetu ziling'aa kuliko za kambi nzima, nami nilidhani ni usafi. Nilikuwa chuo cha uuguzi, mtu mzima, ndipo siku moja nikaelewa nilichokuwa nikikiona, nikaketi kitandani nikalia.

Hajaacha. Sasa kwa vile Kyalo naye yuko jeshini, huko mpaka wa mashariki, simu ya namba ngeni ikilia Mama anatafuta sufuria.  Huwa nikimtazama akiisugua nahisi niko kanisani.

Sasa sikia. Wiki iliyopita nilitumwa Kakuma kwa kazi ya chanjo, naye akasema tunakwenda wote. Kwa magoti yake yanayouma. Alikaa mbele, akamfundisha dereva kukata kona njia nzima. Kule tulipewa chai na Mama Furaha, Mkongomani anayetusaidia kutafsiri. Aliingia kambi ile ya wakimbizi watoto wake wakibebwa mgongoni, leo wana ndevu. Nyumba yake ni ya matofali ya udongo, lakini ukuta umejaa: picha za ubatizo, kalenda za zamani, saa isiyotembea, vyote vimening'inia kwenye misumari. Mama alitazama ukuta ule mpaka chai ikapoa.

"Huogopi?" akamwuliza. "Na wakikuambia kesho uondoke?"

Mama Furaha akacheka. "Mama, mie nilingoja kuondoka, nilingoja mpaka batoto bakakomaa. Nikasema, sasa nitaishi siku gani? Ile siku batanifukuza, nitabeba picha. Musumari ibakie."

 Tuliporudi Mama hakumfundisha dereva tena, nikadhani amechoka. Tulipokaribia Lodwar akauliza Lokiriama iko upande gani. Dereva akanyoosha mkono kuelekea milimani, ng'ambo ya Lorugum. Mama akageuza shingo akatazama huko hadi milima ikafichwa na nyumba za mji.

"Miaka yote nilimwombea," akasema, "na sikujua ni wapi."

Kesho yake asubuhi nilimkuta kwa jirani yetu Nakiru, anaazima nyundo.

"Ejok, daktari," Nakiru akanisalimu. Ananiita daktari hata nikikataa. "Mama yako anataka nyundo. Mimi nasema ngoja tuite fundi, yeye anakataa."

Nikasema Mama amezeeka, mikono yake haina nguvu.

"Kwani shida iko wapi? Kwetu hapa ni mama anajenga nyumba. Mzee anakuja kulala tu."

Mama alicheka hadi akaegemea ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike Baba.

Alirudi, akapanda kigoda, nami nimemshika kiuno. Msumari wa kwanza ukapinda. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akanitazama tu, nikaurudisha. Wa pili ukaingia. Akaifungua leso, akamtundika Baba, akashuka, akarudi nyuma mpaka mlangoni kuangalia kama imenyooka.

"Haya mzee," akasema. "Keti sasa."

Kisha akafungua sanduku, akaanza kupanga nguo zake kwenye kabati. Vitunguu akavipeleka jikoni. Mimi nilisimama na sare yangu ya kazi, nimeshachelewa, nikashindwa kutoka. Nilistaajabu, Kaka. Mtu ana miaka themanini na kitu, na tangu aolewe ameishi akiwa tayari kuondoka asubuhi yoyote, kwa ajili ya Baba, kwa ajili yetu, na hakuwahi hata siku moja kutuambia kwamba hiyo ni kazi. Sisi tuliona ni tabia yake, tukawa tunamtania.

Najua kwako kuna chumba ulichompakia rangi aipendayo, na wifi anamtunza kuliko mimi. Hakuna aliyekosa. Lakini jiulize kama chumba kile kina msumari wake hata mmoja. Joto analiweza, anajimwagia maji mchana na kulala sakafuni. Hospitali iko karibu, nami ni hospitali ya pili. Nyumba ni ya kupanga, kweli, na mwenye nyumba akilalamikia ukuta nitamtuma kwako, maana wewe ndiye unayejua kufoka. Nakuomba usimhamishe tena.

Lakini njoo. Nilimwambia Mama nakuandikia, nikamwuliza nikuambie nini. Akasema uje shule zikifungwa, ulale hapa, ila usibebe kamba za kufungia mzigo.

Msalimie sana wifi, umwambie dawa ya mgongo wako ni kuacha kubeba magunia. Wasalimie watoto wote, na yule mwenye jina la Mama aambiwe bibi yake amejua kutumia nyundo. Shangazi hapo jirani mfikishie salamu zangu za pekee, na Kyalo akikupigia simu mwambie apige na kwetu, kwa namba yake mwenyewe.

Kuna neno moja nimesahau. Chini ya picha ya Baba, Mama amegonga misumari mingine mitatu, mmoja wa kila mtoto, na anataka uje na picha yako. Wangu na wa Kyalo tayari ina picha. Kwenye wako ametundika kitambaa chake cha kichwa, na kila anapokivaa kwenda kanisani huweka leso mahali pake, anasema anakushikia nafasi.

Ni mimi dada yako,
Mwende