Masika, Tunakwenda Kumchukua Mdogo Wako

Masika mwanangu,

Alhamisi mimi na papa yako tunasafiri. Tutapita Bunagana, tuingie Uganda, tufike hadi Kasese, na tukirudi tutakuwa watatu. Tunakwenda kumchukua mtoto wa kike wa miaka sita awe wetu. Karatasi karibu zote zimekubaliwa. Ilibaki moja, na hiyo moja ndiyo inanifanya nikuandikie, maana ndani yake nilikukosea na nataka uyasikie kwangu mwenyewe. Ningekuja kukuambia kaburini, lakini unanijua. Nikifika pale, mdomo huu unaowashinda wanawake wote wa soko la Birere unafungwa. Nang'oa majani, nafuta vumbi, narudi nyumbani.

Mtoto mwenyewe anaitwa Kavira. Wazazi wake walikuwa Wanande kama sisi, walivuka mpaka wakikimbia vita, wakafia kule kwa ugonjwa. Amelelewa na mjane mmoja wa kanisa, bibi mwema ambaye sasa magoti yamemkatalia. Ni yeye aliyetuma habari kwa kanisa letu kwamba anamtafutia mtoto nyumba kabla Mungu hajamwita. Mimi tumbo langu lilifungwa ulipozaliwa wewe, daktari alitueleza wazi. Nilipoisikia habari ile sikulala na kuamka mara mbili, nikamwambia papa yako twende.

Wewe ulituacha ukiwa na miaka saba, sijui kama nilikueleza vizuri mambo ya majina yetu. Kwetu mtoto anazaliwa jina lake linamngoja. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, na kuendelea hivyo. Mnande akisikia jina lako anajua umefuata nani. Basi fikiria mimi nimesimama na Kavira sokoni, mtoto mmoja tu. Kila mama atakayepita atauliza swali lile lile.

Shangazi yako Kahindo aliliona mapema. Alikuja na ndizi zake, akaketi, akaanza kwa Kiswahili chake cha Goma:

"Mukimuleta na jina ya Kavira, batu bote bataulizia Masika iko wapi. Mutaweza kujibu kila siku? Mumuite Masika, njo mupumzike."

Papa yako alikuwa na karatasi mezani. Kulikuwa na mstari wa jina ambalo mtoto atalichukua kwetu. Unajua mwandiko wake wa mwalimu, herufi zimesimama kama wanafunzi mbele ya bendera. Akaniangalia.

"Niandike jina gani?"

Miaka minne papa yako hajalitamka jina lako. Akitaka kusema juu yako anasema "wakati ule." Nami nimechoka, Masika. Nimechoka kuwaona wateja wakinihurumia huku wakipima vitambaa vya vikwembe ninavyouza. Nikamwambia, "Andika Masika." Akaandika. Shangazi akasema Mungu asifiwe. Mimi nikaenda jikoni kutwanga sombe ya majani ya muhogo, nikaitwanga mpaka ikawa uji.

Hilo ndilo kosa langu. Nililichukua jina lako nikampa mwingine ili nisiulizwe.

Jumapili baada ya misa yule bibi akapiga simu, akampa mtoto aongee nami. Tuliongea Kinande. Sauti yake nene, ungecheka. Aliuliza kama kweli huku kuna mlima wenye moto. Nikasema kweli. Akauliza kama unakula watu. Nikasema watu wanakaa mbali nao, na wenyewe una heshima siku nyingi. Akauliza kama tuna mbuzi. Halafu akasema:

"Nitalala kitanda kimoja na Masika wenu?"

Mimi Mnande mzima, niliyezaliwa na kukulia ndani ya majina haya, sikuwa nimefikiri jambo dogo kama hilo. Kavira haji peke yake. Kwa mtoto huyu kila nyumba ina Masika, na alikuwa akijiandaa kukutana na wewe. Bibi akafikiri mtandao umekatika, nikamsikia akisema "halo, halo."

"Masika wetu alikufa," nikasema.

"Hata wetu," akasema. "Alikuwa ananivuta nywele. Wenu alikuwa anafanya nini?"

Masika, nilimwambia. Nilimwambia ulikuwa huli vichwa vya dagaa wa sambaza, unavikata kimoja kimoja na kuvipanga kwenye ukingo wa sahani vyote vikikutazama, na papa yako akijaribu kula kimoja unapiga kelele kwamba huyo ni mwanafunzi wako. Mtoto akacheka mpaka akakohoa. Tangu ufe sikuwa nimemsikia mtu akicheka kwa ajili yako. Nililia, ndiyo, lakini nililia nikiwa naongea, na hiyo ni mpya kwangu.

Papa yako alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akasema, "Masika alikuwa na wanafunzi wengi kuliko mimi." Jina lako, kwa kinywa chake! Jumatatu akaenda ofisini kuomba karatasi nyingine. Wakamzungusha, akarudi Jumanne, akaipata. Kwenye ule mstari ameandika Kavira. Shangazi amenuna. "Batu bataulizia," anasema. Nimemjibu, "Baulize."

Kitanda ni kipya, godoro pia. Sanduku la nguo zako nilikuwa nimelifunga kwa kamba, nimelifungua. Nimetoa triko la sufu la bluu tu, kwa sababu Kasese ni joto na baridi ya asubuhi ya Goma itamshika akishuka garini. Likimbana nitamnunulia lingine.

Naogopa, mwanangu. Labda atatukataa. Labda atamlilia yule bibi mwezi mzima, nami sitajua la kufanya. Niombee huko uliko, wewe uliyekuwa ukisali haraka haraka ili chakula kisipoe.

Sasa nikuage, nina sanduku la kufunga. Pumzika kwa amani, binti yangu wa kwanza. Ninakuahidi hivi: yeyote atakayelisikia jina la Kavira akaniuliza Masika yuko wapi, sitageuka nikajifanya natafuta chenji. Nitamwambia amefariki, kisha nitamwomba aketi, maana nina mengi ya kumsimulia.

Ni mimi,
Mama Masika