Umeme wa Vidole vya Wandera

Jumanne, 4 Machi
Kibanda wazi asubuhi. Redio moja, simu tatu, kisha mkono wa Wandera. Kaka yangu alipoteza mkono wa kulia Malaba akiunganisha trela, enzi zake za uturnboi, akimsaidia dereva wa lori. Huu wa plastiki nimemtengenezea mwenyewe: vidole vitano, kila kimoja na mota yake ndogo ya servo. Kimoja kimoja vinakunjika vizuri. Nimejisifu. Nikavikunja vyote pamoja kwenye chupa ya mtoto, saketi ikazima, chupa ikaanguka.

Jumatatu mkewe Achieng anarudi sokoni kuuza omena. Wandera atabaki na mtoto wao, Nekesa. Mkono wa kushoto umbebe, huu ushike chupa. Ukishindwa, Nekesa anapelekwa kwa nyanya yake Butula. Wandera hataki hata kusikia.

Jumatano, 5 Machi
Kosa ni langu. Niliangalia volti tu: pawabenki, volti tano, basi. Sikujiuliza inatoa ampea ngapi. Mota isipobana kitu hainyonyi sana. Ikibana, karibu ampea moja. Zote pamoja, tano. Pawabenki inatoa mbili. Fundi mzima!

Alhamisi, 6 Machi
Wandera amenitibua. Nilimwachia mkono azoee kuuvaa. Ameenda nao Malaba kuwaringia madereva kwenye foleni, akauunganisha na betri za lori. Kwao kila kitu huchajiwa hapo. Lakini lori ni volti ishirini na nne, mota zangu zinataka sita. Mbili zimeungua. Amerudi ananuka plastiki. "Sista, si nilikuwa naongeza tu nguvu?"

Nimemfokea. Kisha nikamwona uso, nikaanza kufungua mota zilizoungua. Anaogopa kuliko mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimevuka upande wa Uganda. Mota mbili nimepata haraka. Betri ndiyo kazi. Za lithiamu za bei rahisi zimeandikwa namba kubwa ajabu, ukizishika ni nyepesi kama maganda. Nimeziacha. Nimechukua mbili nzito zilizotolewa kwenye laptopu, nikazipima kwa mita zikiwa na mzigo, moja baada ya nyingine, na tena. Muuzaji akachoka, akaniita bibi kwa Kiganda: "Nyabo, unanunua betri ama unatafuta bwana?"

Nimecheka mpaka forodhani.

Jumamosi, 8 Machi
Betri mbili kwa mfuatano, kisha kidude cha kushusha volti, nimekiweka sita kamili. Kinahimili ampea nane. Saketi nimeipa betri yake ndogo, isizimike mota zikinyonya. Vidole vikacheza kama vimelewa. Nilisahau kuunganisha nyaya hasi za saketi na za mota. Nimeunganisha, vikatulia. Chupa imejaa maji na haijaanguka. Sijaamini bado.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikusikia mahubiri. Napiga hesabu za ampea tu. Naogopa.

Jumatatu, 10 Machi
Mchana nimefunga kibanda, nikaenda kwao. Achieng yuko sokoni. Wandera ameketi mlangoni, mtoto kifuani, chupa kwenye vidole vya plastiki. Mota zinalia kidogo, basi. Maziwa yameisha yote.

Nekesa hakulala. Alikamata kidole kimoja cha plastiki na kukivuta. Wandera hakujua mpaka alipoangalia chini. Akaniuliza, "Sista, amekaza?"

Nikagusa vile vidole vidogo vya Nekesa. Nikamwambia amekaza sana.

Alikaa vile vile, hakuusogeza mkono. Nikawaacha, nikarudi kazini.